Wimbi la Alasiri

Kazi ya Babu ilianza siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, hapa Kasongo, katika nyumba ndogo ya matofali nyuma ya biro, yaani ofisi, ya Leta. Leta ndiyo Serikali, kwa jina tunaloliita sisi. Anasema siku ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mihogo, na nguzo mbili za antena zilichomoza ndani yake kama miti isiyo na mizizi. Alivaa kaptura mpya iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Mzungu aliyemkuta pale aliitwa Bwana Shefu wa T.S.F., yaani simu isiyo na waya. Hakumsalimu. Alimwonyesha mashine ya umeme yenye vishikio viwili kama pedali za baiskeli, akasema:

"Zungusha. Ukisimama, umeme unakufa, na mimi nakuwa bubu."

Babu akazungusha hadi saa sita. Saa sita Bwana Shefu akamvika ekuteri, vile vyombo viwili vya masikioni vya kusikilizia, akamuuliza anasikia nini.

"Nasikia mvua, Bwana."

"Nje iko jua."

"Huku ndani iko mvua, Bwana."

Bwana Shefu akacheka kidogo. "Basi utajifunza. Katika kazi hii mdomo haufai kitu. Masikio tu."

Nilipoandika hapo nilisimamisha kalamu, nikatamani sana kazi kama hiyo. Mimi darasani mama sista akiniuliza, jibu ninalo, lakini linakaa kooni mpaka mwingine analisema.

Leo ni Jumapili. Jana Bwana Teritware, ndiye Mzungu mkubwa wa hapa, alimvika Babu medayi, nishani ya kifuani, mbele ya watu, kwa sababu anamaliza kazi, na kwa sababu eti ndiye aliyevifundisha vituo vyote kusikilizana. Leo tangu mvua ilipokatika Babu anasimulia na mimi naandika kwenye kaye yangu, daftari la shule. Amesema niandike yote, hata lile neno moja alilomwambia Bwana Mkaguzi zamani, neno lililomfukuzisha kazi rafiki yake, Mzee Salumu bin Rajabu. Kwa ajili ya neno lile, faili la Mzee Salumu mpaka leo linasema kwamba aliacha kituo chake. Kila anapoomba cheti cha kazi, faili linafunguliwa, linafungwa. Mtoto wake wa kwanza alitaka kuingia shule ya waoperateri, wapiga simu hii. Faili likafunguliwa, likafungwa. Babu anataka lisahihishwe. Anataka kaye hii ifike biro kesho, kwa sababu anasema yeye akisimama peke yake mbele ya meza ya Leta atasema tena kile alichosema zamani.

Basi, wadogo zangu mtakaosoma, nawaeleza kwanza kazi yenyewe.

Hewa hii tunayoivuta imejaa mawimbi. Hatuyaoni, hatuyasikii, lakini yanapita katikati ya majani ya migomba na katikati yetu. Mashine ya kituo inatoa wimbi moja, na yule wa mbali akigeuza kitufe chake mpaka afike palepale, anasikia. Akipita kidogo tu, hasikii kitu, ni ile mvua isiyolowesha. Maneno yanagongwa kwa kidole, kwa milio mifupi na mirefu, na kila herufi ina mdundo wake. Na kila operateri ana mkono wake. Babu anasema mtu akigonga herufi mbili tu unajua ni nani, kama vile unavyomjua jirani kwa kikohozi chake.

Babu alizungusha mashine miaka miwili, kisha akafundishwa kugonga, kisha akapelekwa Nyangwe. Kule alikuwa peke yake na mto. Kazi yake ilikuwa kutoa habari za maji, yamepanda au yameshuka, na za mitumbwi. Anasema alasiri, Lualaba ikiwa imetulia kama mafuta, alikuwa akigeuza kitufe polepole na kusikia sauti za meli za mbali sana, bandari ambazo hajui zina miti gani, na zote zilikuja nyembamba kama filimbi ya mtoto. Mara nyingine alisahau kula. Bwana Ajenti wa Nyangwe, aliyekuwa mkubwa wake, alimkuta hivyo akamwambia: "Petro, Leta inakulipa usikilize habari za maji, haikulipi uote ndoto." Babu akajibu ndiyo Bwana, na kesho yake akaota tena.

Kisha akahamishwa Kabambare, na ndipo alipomkuta Salumu. Salumu alikuwa wa familia ya Wangwana, Waislamu wa siku nyingi, mrefu, mwenye kofia nyeupe ambayo ekuteri iliibonyeza katikati mpaka ikawa na bonde. Walikaa nyumba moja misimu miwili ya mvua. Salumu ndiye aliyemwondolea Babu mkono mzito.

"Petro, wewe unagonga kama mutu anatwanga mpunga. Mashine haijakukosea kitu."

"Na wewe unagonga kama kuku anadonoa."

"Kuku anashiba, ndugu yangu. Donoa na wewe."

Babu anacheka mpaka leo anapokumbuka hayo. Halafu anatazama nje.

Aliporudishwa Kasongo akawa operateri wa kwanza kwa cheo katika kituo cha Leta, na ndipo alipoanza kuona ubaya wa ile kazi. Kasongo ilikuwa na vituo vitatu. Cha Leta, cha lopitali, hospitali ya masista, na cha kampi ya askari. Kila kimoja kilikuwa na wimbi lake, na ilikatazwa kabisa kukanyaga wimbi la mwingine. Na kila kimoja kilikuwa na saa yake. Leta ilifuata saa ya ukutani iliyotoka makao makuu, lopitali ilifuata kengele ya misioni, askari walifuata tarumbeta. Hakuna saa mbili zilizopatana. Mtu wa Leta kule Kabambare akiwa na habari kwa kamyo ya lopitali, lori lenye mashine yake, iliyo njiani kuelekea kwake, ilibidi aitume Kasongo kwenye wimbi la Leta. Kasongo iandikwe, ipigwe mhuri, plantoni, tarishi wa biro, aipeleke kwa miguu mpaka lopitali. Kule ingoje kengele, ndipo irushwe kwenye wimbi la lopitali. Neno lililotoka asubuhi lilifika siku ya pili. Njia yenyewe mtu angeitembea upesi kuliko hivyo.

Siku moja Salumu alikuja Kasongo kuchukua batri, na wote wawili wakaingia kwa wakubwa kuomba kuwe na wimbi moja la pamoja, la hatari tu. Bwana Teritware wa siku zile akasema: "Wimbi la Leta ni la Leta. Askari wakisikia habari za kodi, kesho soko zima linazijua." Bwana Komanda wa kampi akasema: "Askari haulizi njia kwa masista." Bwana Munganga mkubwa wa lopitali alikuwa mpole zaidi, akawapa viti, lakini naye akasema: "Wagonjwa wangu ni siri yangu."

Walitoka nje wakasimama juani. Wakati ule msikiti wa Wangwana ukaadhini alasiri. Sauti ikapita juu ya mabati, juu ya biro, juu ya lopitali, juu ya kampi, ikaenda mpaka mashambani. Salumu akainua kidole.

"Unasikia? Ile ndiyo saa. Ile haina mukubwa. Inaingia kampi bila ruhusa, inaingia kwa masista bila ruhusa."

"Mimi ni Mukristo, Salumu."

"Masikio yako nayo yamebatizwa?"

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Hawakuandika popote. Waoperateri wa vituo vyote, na wale waliosafiri na mashine ndogo ndani ya kamyo, wakapatana: adhana ya alasiri ikisikika, kila mtu aache wimbi la bwana wake, ageuze kitufe kwenye wimbi moja la katikati lisilotumiwa na yeyote, anyamaze, asikilize kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mwenye hatari aseme. Asiye nayo anyamaze. Aliye safarini mahali pasipo na msikiti apime kwa saa yake tu, kwa wakati ule aliosikia adhana jana. Babu alimuuliza Salumu atasali saa ngapi. Akajibiwa kwamba sala ina nafasi yake, haikimbii. Atasikiliza kwanza, kisha atasali.

Babu anasema hakuna kitu alichokipenda katika kazi yake yote kama kikombe kile. Wote wapo, kampi, lopitali, Kabambare, hakuna anayegonga, na unajua wapo. Unasikia kimya chao. Ni kama watoto wengi waliolala chumba kimoja, kila mmoja macho wazi gizani, hakuna anayesema. Misimu mitatu hivyo, na wakubwa hawakujua. Mara moja walimwahi mwanamke aliyegongwa na nyati. Mara moja askari walitoa dawa ya nyoka kutoka kampi yao. Watu walidhani ni bahati.

Halafu ikaja siku ya mawingu.

Lazima nieleze jambo la adhana. Mwadhini wa Kasongo alikuwa na saa ya mfukoni. Mwadhini wa Kabambare, mzee sana, hakuwa na saa. Alichomeka fimbo yake mbele ya msikiti, akaangalia kivuli. Kivuli kikifika alama, akaadhini. Siku za jua tofauti ilikuwa ndogo, chai haikumalizika. Wote waliokuwa wakisikiliza walikuwa watu wa mashine, walijua mambo ya batri na radi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza: siku isiyo na kivuli itakuwaje?

Siku ile tangu alfajiri anga ilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Adhana ya Kasongo ikalia. Babu akageuza kitufe, akasikiliza, kimya kizuri, chai ikaisha, akarudi kwenye wimbi la Leta. Wa lopitali akarudi. Wa kampi akarudi. Kule Kabambare mzee alikuwa bado anaitazama fimbo yake isiyokuwa na kivuli, anakisia. Na Salumu alikuwa anangoja, amekaza ekuteri, kwa sababu msimamizi wa barabara alikuwa ameingia mbio kumwambia kwamba maji yamebeba magogo ya daraja, upande wa kuelekea Wamaza. Na kamyo ya lopitali ilikuwa inatoka Wamaza kuja Kabambare mchana ule, imebeba watu wa ugonjwa wa malale, na operateri wao Leonardi.

Hatimaye adhana ya Kabambare ikalia. Salumu akaita kwenye wimbi la katikati. Hakuna mtu. Akaita tena. Ile mvua tu. Babu anasema Salumu alimweleza baadaye kwamba alifikiri wote wamekufa. Kisha akatazama dirishani, akaona mawingu, akaelewa.

Akafanya lililokatazwa. Aliacha wimbi la Leta, akaingia wimbi la lopitali, akamwita Leonardi kwa maneno wazi, bila namba za siri, bila ruhusa, bila mhuri. Aliita mpaka kidole kikavimba. Leonardi alikuwa amesimamisha kamyo ili injini ipoe, akafungua mashine aangalie batri tu. Akausikia mkono wa Salumu mahali ambapo haukupaswa kuwa. Akaandika: SIMAMA. DARAJA HAKUNA. Wakashuka wote kamyoni, wakalala kwenye kijiji cha karibu. Asubuhi walikwenda kuangalia, wakaona maji tu, mekundu, yanazunguka.

Lakini muda ule wote ambao Salumu alikuwa kwenye wimbi la lopitali, makao makuu yalikuwa yanamwita kwenye wimbi la Leta, kwa habari za Bwana Gavana. Waliita mara tatu. Kabambare haikujibu.

Bwana Mkaguzi wa T.S.F. alikuja kwa motokari. Alikuwa mwembamba, mstaarabu, alimwita Babu "Musye Petro", yaani Bwana Petro, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya. Alimketisha.

"Salumu anasema kulikuwa na mapatano ya vituo vyote, saa ya alasiri. Kama ni kweli, hilo ni kosa la wengi na lilikuwa na sababu njema. Nitawakemea wote na yataisha. Kama si kweli, basi ni mtu mmoja aliyeacha kituo chake. Wewe ndiye wa kwanza hapa. Ulijua?"

Babu akasema: "Hapana, Bwana."

Nilimuuliza kwa nini. Nilidhani atasema habari za Bibi, au za Mama aliyekuwa mchanga. Akasema: "Niliogopa, mama. Usitafute kingine, hakuna. Aliniita Musye, nikaogopa kuacha kuitwa hivyo."

Yule wa kampi aliposikia Babu amesema hapana, naye akasema hapana. Leonardi alisema ndiyo, lakini alikuwa mtu wa lopitali, wakasema anamtetea aliyemwokoa. Salumu akafukuzwa, na faili likaandikwa.

Misimu miwili baadaye ikafika barua kutoka juu: vituo vyote visikilize wimbi moja, saa moja, kwa saa za ukutani zilizopatanishwa, kwa ajili ya usalama wa watu. Wakubwa walewale walikubali kana kwamba wamezaliwa nayo. Wakamtafuta mtu wa kuvifundisha vituo. Babu hakuhitaji kufikiri. Alikijua kile kikombe cha chai. Akatembea kituo kwa kituo, Nyangwe, Kabambare, Wamaza, akafundisha kitu cha mwenziwe kwa jina lake mwenyewe. Kabambare alikaa kwenye kiti cha Salumu.

Nikamuuliza, sasa akiwa amemaliza, anaionaje kazi. Akasema mashine zitakuwa ndogo, watu watasema kwa midomo badala ya kugonga, na mawimbi yatakuwa mengi mpaka hewa ichoke. Lakini ugumu utabaki uleule. Kila bwana atataka wimbi lake, na mtu aliye mbele ya daraja hajali wimbi ni la nani. Akasema pia kwamba jana, wakati wa kumvika medayi, alimwona Salumu kwenye ua, nyuma ya watu. Alikuwa anapiga makofi kama wengine wote.

"Angeweza kutema mate," Babu alisema. "Angetema mate ningelala."

Hapo alisema basi, nifunge kaye.

Leo Jumatatu asubuhi. Sikwenda shule. Niliamka mapema, nikayanakili maneno haya kwa wino, na Babu akaweka sahihi chini. Lakini niliona si vizuri jina la mtu lipelekwe biro kabla mwenyewe hajasikia. Nikaenda mtaa wa Wangwana. Babu alinifuata mpaka kwenye kona, akasimama nyuma ya ukuta wa msikiti.

Mzee Salumu sasa ni fundi wa kushona. Alikuwa barazani, mguu juu ya cherehani.

"Hodi, Babu."

"Karibu, mutoto. Sare ya shule?"

Nikamnyooshea kaye. Akasema macho yake yameishia kwenye uzi mweusi, nimsomee. Sauti yangu ilianza ndogo mno, akasimamisha cherehani ili asikie. Nilisoma mpaka mwisho. Hakunikatiza ila mara moja.

"Pale kwa Leonardi. Neno la kwanza nililogonga halikuwa simama. Lilikuwa jina lake. Mutu akiogopa umwite jina kwanza. Andika."

Nikaandika pembeni. Unaweza kuona wino ni tofauti.

"Na babu yako iko wapi?"

"Iko nyuma ya ukuta."

"Petro!" akaita kwa sauti kubwa. "Toka juani, huna nywele!"

Babu akatoka. Walisimama wakitazamana, na mimi nikatazama chini.

"Salumu," Babu akasema, "nilisema hapana."

"Najua ulisema nini. Waliniandikia barua." Akakunja kitambaa, akafunika cherehani, akavaa kofia. "Sikusamehe njiani hapa kama muuza ndizi. Tufike biro kwanza."

Tukapanda biro. Kwenye dirisha karani kijana alisoma ukurasa wa kwanza, akapiga miayo, akanirudishia kaye, akasema Bwana ana kazi nyingi, na mafaili ya zamani yako stoo, yanaliwa na mchwa, turudi wiki kesho, au ile nyingine. Wazee wote wawili wakavua kofia, wakasema asante, wakageuka. Wamekuwa watu wa Leta maisha yao yote. Wakiambiwa rudi, wanarudi.

Mimi sikugeuka.

"Tutangoja," nikasema.

"Nani amesema?" karani akauliza, akainua kichwa.

"Mimi. Tutangoja hapa mpaka faili lipatikane."

Kisha nikakaa kwenye benchi hili ninaloandikia, na wazee wakaja wakakaa, mmoja huku, mmoja huku.